Kiingereza cha enzi za Shakespeare: mwungwana aliongeaje, kabwela aliongeaje?

Mwalimu wa Zamu · #1

Wakuu, habari za jioni. Nafundisha Fasihi ya Kiingereza kidato cha tano na sita, na leo nimekabwa koo darasani.

Tulikuwa kwenye onyesho la kwanza la "Julius Caesar", lile ambalo wengi mnalijua kupitia "Juliasi Kaizari" ya Mwalimu Nyerere. Mafundi wameacha kazi, wamevaa nguo za sikukuu, wamejaa mtaani kumshangilia Kaizari. Wanatokea maofisa wawili, Flavius na Marullus, wanawakaripia. Marullus anamuuliza seremala: "Where is thy leather apron and thy rule?" Yaani aproni yako ya ngozi na rula yako viko wapi. Hapo hapo anamgeukia fundi viatu: "You, sir, what trade are you?"

Binti mmoja wa dawati la mbele akanyoosha mkono. "Mwalimu, mbona seremala kaambiwa thy, fundi viatu kaambiwa you? Mmoja ni mkubwa kuliko mwenzake?" Nikampa lile jibu letu sote: thou (yaani wewe, pamoja na ndugu zake thee na thy) ni Kiingereza cha zamani, you ni cha sasa. Akanitazama, akasema: "Lakini mwalimu, wameambiwa dakika moja hiyo hiyo." Darasa likaangua kicheko. Kengele ndiyo iliyoniokoa.

Nimerudi nyumbani nikafukua. Nimekutana na bwana mmoja anaitwa George Puttenham, mwaka 1589 aliandika kitabu cha kuwafunza watu ushairi. Anamwambia mshairi achague lugha ya kasri ya malkia, ya London, na ya wilaya zinazoizunguka London kwa maili 60 hivi, asizidi sana hapo. Watu wa kaskazini ng'ambo ya mto Trent asiwaguse, hata wakiwa makabaila. Halafu kuna sehemu iliyonichoma: asifuate usemi wa fundi wala mwendesha mkokoteni, hata kama kazaliwa mji bora kuliko yote, kwa sababu watu hao huharibu maneno mazuri kwa lafudhi za ajabu.

Kumbe basi "Kiingereza cha Shakespeare" tunachowakaririsha watoto hakikuwa kimoja. Kulikuwa na cha kasri na cha mkokoteni. Wajuzi wa jamvi, nisaidieni kabla ya Jumatatu. Matabaka yale yalijitenga vipi kwa ulimi? Na waandishi nao, kila mtu alikuwa na chake?

Kinyozi Msomi · #2

Nimevuta kigoda, kahawa iko mkononi. Uzi kama huu huja mara moja kwa mwaka.

Mtu wa Kwaya · #3

Mwalimu hilo mbona jepesi. Thou ilikuwa neno la heshima kubwa, la juu kabisa. Ndiyo maana kwenye Biblia ya Kiingereza ya King James Mungu anaitwa Thou. "Hallowed be thy name." You ilikuwa ya mtaani. Kwa hiyo seremala aliheshimiwa, fundi viatu akadharauliwa. Kesi imeisha.

Wakili wa Kijiweni · #4

Kaka wa kwaya, kesi ndiyo kwanza inatajwa. Fungua Mathayo 4, Yesu yuko jangwani na yule mjaribu. Kwenye King James anamwambia: "Get thee hence, Satan." Je, Shetani naye kapewa heshima ya juu kabisa?

Biblia ile ya 1611 haikupanga watu kwa heshima. Ilipanga kwa idadi. Mtu mmoja ni thou, awe Mungu, Farao, Ibilisi au mtumwa. Watu wengi ni ye. Mtindo huo ilirithi kwa William Tyndale, aliyechapisha Agano Jipya mwaka 1526, miaka 85 kabla. Kwa hiyo mwaka 1611 ule ulikuwa tayari usemi wa babu zao. Sisi tumezoea kuusikia kanisani tu, tukadhani ndiyo sauti ya heshima.

Mtaani na kasrini mambo yalikuwa kinyume na unavyosema. You, ambayo asili yake ni ya wengi, ndiyo aliyopewa mkubwa. Thou alipewa mtoto, mtumishi, mpenzi, rafiki wa kufa na kuzikana, na mtu unayetaka kumtukana. Sasa nikupe kesi yenyewe, maana mimi bila kesi siwezi kuongea.

Tarehe 17 Novemba 1603, mji wa Winchester. London kuna tauni, mahakama imehamishwa. Mshitakiwa ni Sir Walter Ralegh, aliyekuwa kipenzi cha marehemu Malkia Elizabeth, anashitakiwa kwa uhaini. Mwanasheria Mkuu ni Edward Coke. Ushahidi mwembamba kama uji wa mgonjwa, Coke anaanza kupandwa na hasira. Kumbukumbu za kesi zinasema alifoka: "I thou thee, thou traitor!" Tazama alivyolifanya thou kitenzi: nakupiga thou, wewe haini! Lile halikuwa neno la kupita. Alikuwa anamvua yule bwana cheo chake mbele ya watu kabla jaji hajatamka hukumu. Ralegh akamjibu kwa utulivu kwamba haimfai mtu wa hadhi kumwita hivyo, lakini anajifariji, maana hilo ndilo pekee Coke analoweza. Na katika jibu lake akamwita Coke "you".

Shakespeare naye aliujua mchezo huo. Kwenye "Twelfth Night" Sir Toby anamfunza mwenzake kuandika barua ya kuchokoza ugomvi: ukimpiga thou mara tatu hivi, anasema, haitakuwa vibaya.

Mtu wa Kwaya · #5

Nimenyoosha mikono. Ila wachungaji waliotufundisha vile wana la kujibu.

BintiMvita · #6

Assalaam aleikum jamani. Wakili umenikumbusha kwetu Mombasa: mtu mzima ukimwita "wee!" badala ya jina la heshima, hata neno jengine huhitaji, tayari ushamkosea.

Naongeza hapo kwenye thou. Yuko mchungaji mmoja mwanahistoria, Thomas Fuller, mwaka 1655 aliliweka wazi kabisa. Mkubwa akimwambia mdogo thou, ni haki yake, ni alama ya amri. Walio sawa wakiambiana, ni mazoea. Mdogo akimwambia mkubwa, kama ni kwa kutojua basi ni ushamba, na kama ni kwa makusudi basi ni dharau.

Alikuwa akiwalenga watu maalumu, Wakweka. Hawa ni wafuasi wa George Fox, walioanza miaka ya 1640 na 1650. Fox alisema Mungu amemkataza kumvulia mtu kofia, awe tajiri au maskini, na amemwamuru awaambie watu wote thee na thou. Basi mtoto wa mfumaji nguo anasimama mbele ya hakimu, kofia kichwani, anamwita hakimu thou! Walipigwa, walitiwa jela, walitukanwa njiani. Wenyewe wakashikilia kwamba kumwita mtu mmoja kwa neno la watu wengi ni uongo na ni kulisha kiburi cha matajiri.

Kinachonichekesha ni mwisho wake. Wakweka walitaka wote washuke wawe thou. Waingereza wengine wakafanya kinyume, wote wakapanda wakawa you. Maana mjini huwezi kujua aliye mbele yako ni nani, basi salama ni kumpa kila mtu you. Thou ikabaki mashambani kaskazini na magharibi, ikabaki na Wakweka, ikabaki kwenye sala na mashairi.

Mkata Ishu · #7

Samahani wadau, mimi ni wa kuuliza tu. Wazungu wa miaka 400 iliyopita waliitanaje, inanisaidia nini mimi hapa Mbagala na umeme umekatika?

Kinyozi Msomi · #8

Inasaidia kupitisha giza mkuu. Kaa hapo.

Mhariri Mstaafu · #9

Mmeng'ang'ania thou na you, ni tamu kweli, lakini chini yake kulikuwa na mabadiliko ambayo wenyewe hawakuyaona. Nitachukua nafasi kidogo, mnivumilie.

Tazama kitenzi. Leo tunasema "he takes". Zamani kusini mwa Uingereza walisema "he taketh". Ile "s" ilitoka kaskazini, kwa watu wale wale ambao Puttenham anatwambia tusiwaige. Ikateremka na wahamiaji na wafanyabiashara hadi London, na kufika mwaka 1600 imeshaingia hadi ndani. Malkia Elizabeth mwenyewe anachanganya zote mbili katika maandishi ya mkono wake. Yaani wakati bwana Puttenham anawapigia marufuku watu wa ng'ambo ya Trent, malkia wake yuko mezani anaandika kama wao.

Mwalimu, nenda na "Mabepari wa Venisi" kwa Kiingereza chake, "The Merchant of Venice", ile hotuba ya Portia kuhusu huruma. "It blesseth him that gives and him that takes." Mstari mmoja, vitenzi vitatu, kimoja cha kale na viwili vipya. Blesseth ina silabi mbili, gives na takes moja moja. Mshairi alikuwa na pochi yenye sarafu za tawala mbili, akalipa kwa ile iliyotimiza hesabu ya mizani. Mwaka 1643 mwalimu mmoja, Richard Hodges, aliandika kwamba watu wanaandika "maketh" lakini wakisema wanatamka "makes". Maandishi yalivaa suti, mdomo ulishavua.

Sasa, nani aliongoza? Chuo Kikuu cha Helsinki huko Finland, Terttu Nevalainen na Helena Raumolin-Brunberg na wenzao walikusanya kwenye kompyuta barua kama 6,000 za watu 778, kuanzia karne ya 15 hadi mwaka 1681. Walimtambua kila mwandishi: mwanamume au mwanamke, kabaila, mfanyabiashara au mtumishi, wa London au wa mikoani. Wakaanza kuhesabu nani kaacha nini na lini. Hiyo "s" badala ya "th", wanawake walikuwa mbele ya wanaume. Kuacha "ye" na kutumia "you" mahali pote, wanawake mbele tena. King James inashika ile tofauti ya kale barabara: "ye shall know the truth, and the truth shall make you free." Ye anayetenda, you anayetendewa. Kwenye barua za watu, kanuni hiyo ilishabomoka katika karne iliyotangulia.

Lakini kuna badiliko moja ambalo wanaume ndio walioongoza: kuacha kukanusha mara mbili. Zamani kurundika vikanushi hakukuwa kosa. Viola wa Shakespeare, binti wa nyumba nzuri kabisa, anasema "nor never none" na hakuna anayemcheka. Walioanza kuuacha usemi huo ni wanaume waliosoma, wanasheria, maofisa wa serikali, na hasa wale wanaopanda ngazi. Na sababu si kitendawili. Kikanushi kimoja kilikaa katika hati, sheria na ofisi za mfalme, na huko mwanamke hakuwa na kiti. Kilichopita mdomoni, wanawake walikiwahi. Kilichopita ofisini, kiliwapita.

Mwalimu wa Zamu · #10

Mhariri, huo mstari wa Portia nimeufundisha miaka 11. Miaka 11! Sijawahi kuuona.

Swali langu sasa ni la lafudhi. Puttenham anatoa picha kwamba ukiwa na lafudhi ya shamba umekwisha. Ilikuwa hivyo kweli? Kama ilivyo sasa Uingereza, mtu akifungua kinywa tu ushamjua baba yake kasoma wapi?

Wakili wa Kijiweni · #11

Namrudisha mshitakiwa wangu kizimbani. Yule yule Ralegh aliyepigwa thou, John Aubrey anasimulia, kwa kumnukuu jaji mmoja aliyemfahamu, kwamba aliongea Kidevon kizito hadi siku ya kufa kwake. Devon ni kusini magharibi, shambani haswa. Na huyu ni mtu aliyecheza na malkia kasrini, kapewa usir, kapewa ardhi Ireland. Lafudhi haikumzuia.

Kwa hiyo mimi naona Puttenham anaandika anachotaka kiwe, si kilichokuwepo. Na hata yeye mwenyewe anakiri: kila wilaya ina waungwana wanaoongea, na hasa kuandika, Kiingereza cha kusini kizuri kama cha Middlesex au Surrey, jirani na London. Anaongeza: ila si watu wa kawaida. Hiyo "hasa kuandika" ndiyo ya kushika. Mwungwana wa Yorkshire, kule kaskazini, kalamu yake ilishahamia London, ulimi umebaki Yorkshire.

Mhariri Mstaafu · #12

Nakubali nusu. Lafudhi haikumzuia Ralegh kupanda, lakini Aubrey aliona ni jambo la kuandikwa. Ingekuwa kawaida, asingelitaja. Kitu kilishaanza kunuka.

Na jukwaani kilishakuwa sare ya kuvaa. Kwenye "King Lear" Edgar, mtoto wa kabaila, anajifanya mkulima. Anambadilishia Oswald ulimi pale pale: "Chill not let go, zir, without vurther 'casion." Chill ni "ich will", nita-, kwa usemi wa kusini magharibi. Sir imekuwa zir, further imekuwa vurther. Watazamaji wa London wakisikia z na v tu, wanajua: mshamba kaingia. Hakuna hakika kama mkulima yeyote wa kweli aliongea namna ile kwa ukamilifu. Ilikuwa lafudhi ya kuigiza, kama wachekeshaji wetu wanavyomuiga mtu wa bara. Utamu ni kwamba "mkulima" huyo anampiga Oswald hadi kumuua, na Oswald alikuwa mtumishi mwenye maringo ya kasri.

BintiMvita · #13

Na viapo je? Kwenye "Henry IV" sehemu ya kwanza, Hotspur anamcheka mkewe kwa kuapa "in good sooth", kwamba anaapa kama mke wa mpika peremende. Anamtaka aape kama bibi wa kikabaila, kiapo kinachojaa mdomo, na hizo "in sooth" zenye ladha ya mkate wa tangawizi awaachie watu wa mjini wanaovaa vizuri Jumapili. Kumbe wa juu alitukana, wa chini alitukana, aliyejichunga ulimi ni wa katikati, mwenye duka.

Wakili wa Kijiweni · #14

BintiMvita hiyo ipo hadi leo, duniani kote.

Nahodha Mstaafu · #15

Msiwasahau wahuni. Mwaka 1566 hivi, mwungwana wa Kent, Thomas Harman, alikuwa akiwahoji ombaomba na wezi mlangoni kwake, akachapisha na kamusi ya maneno yao. Usiku waliuita "darkmans", mchana "lightmans", nyumba "ken", London "Rome-vile". Baadaye Thomas Dekker akayachukua na kuyatia kwenye vitabu vyake, na waandishi wengine wakayanyonya vile vile. Fundi viatu alidharauliwa akiongea, lakini mwizi alinunuliwa akiongea. Vitabu vile vilikwenda kama njugu.

Kinyozi Msomi · #16

Wazee, mleta mada aliuliza pia kuhusu waandishi wenyewe kwa wenyewe. Hapo bado njaa.

Mhariri Mstaafu · #17

Hapo ndipo nyumbani kwangu.

Vita vyao vikubwa vilikuwa vya msamiati. Wasomi walikuwa wakimwaga maneno ya Kilatini kwenye Kiingereza kwa ndoo, wengine wakachefukwa. Sir John Cheke, mwalimu wa Kigiriki pale Cambridge, aliandika mwaka 1557 kwamba lugha yao iandikwe safi, isichanganywe na mikopo. Na akajaribu. Alipotafsiri Mathayo, badala ya "centurion" aliweka "hundreder", mtu wa mia. Badala ya "resurrection" aliweka "gainrising". Hakuna aliyemfuata. Mwaka 1604 Robert Cawdrey alitoa kamusi ya maneno magumu, kama 2,500 hivi, na kwenye jalada akasema ni kwa msaada wa mabibi, waungwana wa kike, na watu wengine wasio na ujuzi. Yaani wenye Kilatini hawakuihitaji. Kuta za tabaka zilikuwa ndani ya kamusi.

Kisa ninachokipenda ni cha Ben Jonson. Mwaka 1601 alikuwa na ugomvi na mwandishi mwenzake John Marston. Akamweka jukwaani katika mchezo wake "Poetaster", kwa jina la Crispinus, akanyweshwa dawa ya kutapika. Bakuli likaletwa, jamaa anatapika maneno yake ya majigambo, moja moja: "retrograde", "reciprocal", "glibbery", "defunct", "strenuous", "conscious", "oblatrant". Ukumbi mzima unacheka. Leo "glibbery" na "oblatrant" hakuna anayeyajua, lakini "conscious" na "reciprocal" mwalimu anakukata alama ukikosea tahajia yake. Jonson alikuwa mwana wa kambo wa mwashi, aliwahi kushika matofali mwenyewe, akasoma Kilatini kuwashinda waliokwenda vyuo. Nadhani ndiyo maana hakumvumilia mtu anayekivaa Kilatini kama pambo. Hilo ni la kwangu, si la ushahidi.

Sasa Shakespeare na John Fletcher. Waliandika pamoja "Henry VIII", mchezo ambao mwaka 1613 ulichezwa siku ukumbi wa Globe ulipoungua, na pia "The Two Noble Kinsmen". Nani aliandika ukurasa upi? Mtafiti Jonathan Hope mwaka 1994 alitazama kijineno "do". Zamani uliuliza "know you?", mpya ikawa "do you know?". Shakespeare alizaliwa Stratford mwaka 1564, mtoto wa mtengeneza glavu wa mji mdogo. Fletcher alizaliwa Rye, kusini mashariki, mwaka 1579, na baba yake alifika kuwa askofu wa London. Miaka 15 kati yao, mikoa tofauti, matabaka tofauti. Fletcher anatumia "do" kwa utaratibu unaokaribia wa leo, Shakespeare bado anachanganya. Ongeza na vidole vingine: Fletcher anapenda "ye" na "'em", Shakespeare anapenda "hath" na "them". Yaani mtu hata akificha jina lake, kijineno kinamtaja alikokulia.

Mwalimu wa Zamu · #18

Wakuu, narudi kwa fundi viatu wangu. Nimesoma onyesho lote tena leo na mwanga huu mpya.

Anapoanza, Marullus anampa "you, sir". Nadhani ni kebehi, au ni tahadhari tu. Fundi anajibu kwa mafumbo ya viatu na nyayo na roho, anawazungusha. Maofisa wanachoka, na ghafla: "thou knave, thou naughty knave!" Kisha: "thou saucy fellow!" Hasira imepanda, kiwakilishi kimeshuka. Fundi yeye hakubadilika hata mara moja. Ni "sir" na "you" kila jibu, hadi pale anapomwambia bwana mkubwa: "Why, sir, cobble you," yaani nikushone kama kiatu kibovu. Heshima yote iko mahali pake na bado kamtukana. Na kwa Kiswahili chetu hicho kipimo hakionekani, maana thou na you zote zinaingia kwenye "u" ya "unafanya". Mtafsiri inabidi atafute njia nyingine.

Jumatatu binti yule namwomba radhi.

Mkata Ishu · #19

Umeme umerudi, nimesoma yote kwa mkupuo. Nina neno. Mmetuletea malkia, Sir, askofu, mshairi. Hata huyo fundi viatu wenu kaandikwa na Shakespeare. Hata mkulima ni kabaila kajifanya. Kabwela mwenyewe yuko wapi? Nani alimsikia?

Nahodha Mstaafu · #20

Aisee. Aliyesema anauliza tu.

Mhariri Mstaafu · #21

Swali ndilo hilo, na hata wale wa Helsinki wanakiri barua zao ni za wachache. Mwanahistoria David Cressy alitazama viapo vya utii vya 1641 na 1642, ambapo wanaume wa parokia nyingi walitakiwa kuweka sahihi. Kama 7 katika kila 10 waliweka alama tu: msalaba, duara, wengine picha ya chombo cha kazi yao. Wanawake hali ilikuwa mbaya zaidi.

Kabwela anasikika kwa masikio ya watu wengine. Mahakama za kanisa zilisikiliza kesi za kashfa, majirani wametukanana mlangoni. Karani anaandika shauri kwa Kilatini, lakini akifika kwenye tusi lenyewe anaandika Kiingereza, kwa sababu tusi ndilo kosa. Katikati ya Kilatini unasikia "thou art a whore", na ukurasa unarudi Kilatini.

Na wapo waliojua kuandika nusu nusu. Philip Henslowe alikuwa mwenye ukumbi wa michezo, mkopeshaji, mtu wa biashara nyingi. Daftari lake la mahesabu lipo. Tamthilia ya Doctor Faustus kwake ni "ffostose". Titus Andronicus ni "ondronicus". Mwanachuo angesema ni ujinga. Mimi nasema ni sikio: aliandika alichokisikia. Na hata Shakespeare, sahihi zake sita zilizobaki, hakuna hata moja yenye tahajia tunayoitumia leo.

Sasa nikupe mtu mmoja, Mkata Ishu, maana umeuliza vizuri. Henslowe alikuwa na binti wa kambo, Joan, aliyeolewa na Edward Alleyn, mwigizaji maarufu kuliko wote wakati ule. Mwaka 1593 tauni imefunga kumbi za London, Alleyn yuko safarini kuigiza mikoani. Tarehe 1 Agosti anamwandikia mkewe kutoka Bristol, anamwita panya wake mtamu. Anamwambia amwage maji mbele ya mlango kila jioni na aweke majani ya dawa madirishani kukinga ugonjwa. Anakumbusha kwamba tuta lililokuwa la parsley, majani ya kiungo, lipandwe spinachi mwezi wa Septemba. Anaomba soksi zake za sufu za rangi ya machungwa zitiwe rangi nyeusi nzuri, azivae wakati wa baridi.

Majibu ya Joan yalikwenda. Lakini mwandiko ni wa Henslowe, na tahajia ni ya Henslowe, yule yule wa "ffostose". Joan anamsalimu mumewe kwa kalamu ya baba yake wa kambo. Hakuwa fukara, alikuwa mke wa nyota. Na bado ukitaka kujua kama alisema "has" au "hath", unampata Henslowe tu.

BintiMvita · #22

Hilo limenikaa. Bibi yangu mzaa mama barua zake zote za Maskati aliandikiwa na mjomba. Na sote tulikuwa tukisema, "Bibi ana maneno mazito kwenye barua!"

Mwalimu wa Zamu · #23

Naichapa barua ya Alleyn, nawapa Jumatatu pamoja na fundi viatu.

Mkata Ishu · #24

Sawa mwalimu. Lakini kabla hujalala, hizo soksi zilitiwa rangi au hazikutiwa?